Mji Usio na Mlango

Mji wa Lanyero uliteketea asubuhi ya Alhamisi, yeye akiwa ameshika mkono mmoja wa sare ya shule chini ya sindano ya cherehani.

Simu ilitetemeka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliitupia jicho akaona moshi. Ulikuwa moshi wa kuchorwa tu, lakini mguu wake uliganda kwenye pedeli, na uzi ukakatika.

"Umejichoma?" aliuliza Nanyama, aliyekaa kwenye cherehani ya pili.

"Wamenichomea mji."

"Mji gani?"

"Ule wa kwenye simu. Mtu mmoja anaitwa Radi."

Nanyama aliangua kicheko mpaka mteja aliyekuwa akipima kaptura za mwanawe akageuka. "Bambi, masikini dada! Keshokutwa watu wangu wanavuka mpaka kuja kukuposa, wewe unalilia nyumba za kwenye simu? Ngoja nimpigie Wangila nimwambie bibi harusi wake ameungua."

"Usimpigie!" Lanyero alisema upesi. "Usimwambie hata kwamba nacheza. Nilitaka kumshtua."

Duka lao lilikuwa Mengo, jijini Kampala, chini kidogo ya shule, na walishona sare mwaka mzima. Nanyama na Wangila walikuwa watoto wa ndugu wawili kutoka upande wa Bungoma. Nanyama ndiye aliyemleta Wangila dukani siku moja kupunguza suruali, na Wangila akarudi kesho yake na suruali ileile, akidai imekuwa ndefu tena. Lanyero alimtazama usoni akitafuta aibu, akakuta macho meusi yenye kope ndefu kama za msichana, yakimtazama bila kupepesa. Hapo ndipo yote yalipoanza.

Na tangu hapo alikuwa amepigana. Baba yake, Sajenti Komakech, hakutaka kusikia. "Mkenya wa kutengeneza simu," alisema, "atakubeba, akupeleke kwao, mimi nibaki kukuona kwenye picha." Mama yake, Akwero, aliuliza kama huko kwao kuna hata mtu mmoja anayesema Kiacholi, mtu wa kumsalimu binti yake akiugua. Lanyero aliwajibu kwa upole, akawajibu kwa hasira, mwisho akawajibu kwa kukataa chakula. Mwaka mzima ulipita hivyo, ndipo baba yake alipokubali, kwa shingo upande, kwamba hao watu waje Jumamosi wakae, waseme walilonalo.

Kilichomuuma ni kwamba vita ile alipoishinda nyumbani, aliyekuwa akimpigania alianza kupotea. Jioni, badala ya sauti yake, alipata "ee" na "mm". Akimuuliza yuko wapi, Wangila anacheka: "Niko mjini, mpenzi. Nina vita kidogo." Ulikuwa mchezo, mchezo wa kujenga miji ambao watu wa dunia nzima wanaucheza kwa pamoja, kila mmoja na mji wake kwenye ramani moja kubwa. Lanyero hakumgombeza. Alijiambia: kama mpenzi wangu amehamia huko, nami nitamfuata hukohuko. Nitajenga mji, nitaupamba, na kabla ya Jumamosi nitamfungulia aingie.

Siku ya kwanza mchezo ulimpenda. Hakuna neno jingine. Kila alichogusa kiliota: nyumba ilisimama kabla hajameza mate, kengele ililia, tarumbeta ikapigwa, sarafu zikamwagika, na mwanamke mwenye taji akatokea pembeni kumwita Mtawala. Lanyero alicheka peke yake kitandani. Hakuna mtu aliyewahi kumpongeza hivyo kwa kuchimba kisima.

Siku ya pili nyumba ilitaka saa nzima. Baadaye ikataka nusu siku, na mwanamke mwenye taji hakupongeza tena, alidai. Vidoti vyekundu vilitapakaa kila pembe kama surua, kila kimoja kikisema fanya hiki, maliza kile, harakisha. Uchumba nao, aliwaza kwa uchungu, una siku ya kwanza kama ile.

Hata hivyo aliupenda mji wake. Hakupenda kushinda, alipenda vile vijitu vya kuchorwa: mwanamke aliyebeba maji, mbuzi wawili waliofuatana daima, taa zilizowashwa madirishani giza la mchezo lilipoingia. Alijenga nyumba mbili zinazotazamana, akaacha uwanja katikati, akapanda miti zaidi ya iliyohitajika. "Jenga ukuta," mwenye taji alimhimiza. "Jenga kambi ya askari. Ngao inayowalinda wageni inakaribia kwisha." Lanyero alipitisha kidole akamfuta.

Kambi? Yeye alizaliwa kambini, kambi ya polisi. Maisha yake yote alipita chini ya chuma cha lango, akiulizwa anatoka wapi na mlinzi aliyemjua tangu akinyonya. Marafiki wa shule waliogopa kumtembelea. Kwa hiyo siku Wangila alipomnong'oneza shairi, akiegemea meza hii hii ya kukatia vitambaa, Lanyero alihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha:

*Moyo hauna mlango, ingia bila kubisha,*
*Sina walinzi wa lango, wala mbwa wa kutisha,*
*Njoo uvunje ukingo, nyumba umeihuisha,*
*Ingia mpenzi wangu, mji huu ni wa kwako.*

Wangila hakufundishwa ushairi na mtu. Alijifunza mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole huku akitengeneza simu za watu. Lanyero alilishika shairi lile kwa moyo, akawasomea hata wazazi wake. Na alipopata mji wake mwenyewe, aliujenga kwa mistari ile. Hakuweka ukuta, wala lango, wala mlinzi. Aliona mtu aliyetunga maneno yale angeutambua akiuona tu kwa mbali, kama unavyotambua mwendo wa mtu wako sokoni.

Sasa mji ulikuwa majivu. Chini ya moshi, mchezo ulimpa aliyeshinda nafasi ya kumwachia aliyeshindwa neno, na kundi lake lote la wachezaji kuliona. Lanyero alifungua neno la Radi. Liliandikwa kwa Kiswahili.

*Mji hauna mlango, nimefika sikubisha,*
*Huna walinzi wa lango, wala mbwa wa kutisha,*
*Nimeuvunja ukingo, nyumba nimeziangusha,*
*Lia lia mwenye mji, mji huu si wa kwako.*

Alisoma mara moja. Hakuhitaji kurudia.

"Lanyero?" Nanyama aliita, safari hii bila kicheko. "Umekuwa mweupe kama chaki. Huyo Radi ni nani?"

"Ni mtu ninayemshonea shati," alijibu, akainuka.

*

Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya karatasi. Alikuwa amelishona kwa ajili ya Jumamosi. Alilibeba kwapani mpaka Kamwokya, ambako Wangila alikuwa na kibanda chenye kioo mbele, kikichangia ukuta mmoja na chumba cha vijana wanaorekodi muziki, hivi kwamba ngoma zilitetemesha simu zilizopangwa nyuma ya kioo.

Wangila alikuwa ameinama na bisibisi ndogo. Alipoinua uso akamwona, uso wote ukafunguka, na Lanyero, ajabu, moyo wake ukamwendea kama kawaida. Alitaka kuuchapa moyo huo kofi.

"Lany! Leo Mengo wamefunga?"

"Nimekuletea shati."

"Malaika wangu." Alifuta vidole, akavuta kigoda. "Kaa. Umenikuta siku njema. Asubuhi nimeshinda, na si kushinda tu, nimetunga. Kundi zima linanisifu tangu saa ile. Kuna jamaa wa Mombasa ameniambia, kaka, wewe si mchezaji, wewe ni mshairi mwenye jeshi!"

"Nisomee," alisema Lanyero.

"Mchezo huupendi."

"Mashairi nayapenda. Nisomee."

Akamsomea. Alisimama kabisa, kifua mbele, mkono mmoja ukipiga mizani hewani. Alisoma vizuri, na hilo ndilo lililomuua Lanyero. Sauti ilikuwa ileile. Pale kwenye *kubisha* ilishuka vilevile kama ilivyoshuka siku ile mezani, ikawa karibu pumzi. Alipofika *mji huu si wa kwako*, alimkonyeza.

"Mwenye mji ni nani?" Lanyero aliuliza.

"Nani anajua? Mgeni fulani. Mjinga fulani."

"Uliutazama mji wake kwanza?"

"Niliutazama. Ndipo nilipocheka!" Wangila alikaa, akasogeza kigoda chake karibu. "Wewe hebu fikiri. Mtu amepanda miti kama yuko kijijini. Visima, sijui vya nini. Nyumba mbili zinatazamana kama wazee wawili wanaoota jua. Na ukuta hakuna! Askari hata mmoja hakuna! Nikasema huyu anaomba kupigwa."

"Hukuweza kumwacha?"

"Ukimwacha leo, kesho ana jeshi."

"Na kama hakutaka jeshi? Kama alikuwa anamngoja mgeni wake?"

"Kwenye mchezo ule?" Wangila alicheka, meno yote nje. "Basi mgeni amefika."

Mteja mmoja aliinama kwenye kioo. "Ssebo, simu yangu imepona?"

"Rudi baadaye, nnyabo, ninaongea na mke wangu."

Neno *mke* lilimpita Lanyero kama upepo wa mlango uliofungwa mbele ya pua. Alitoa simu yake, akaifungua, akailaza juu ya kioo, kati ya betri kuukuu na vikombe vya chai. Moshi ulikuwa bado unapanda. Miti ilikuwa imebaki visiki. Mbuzi hawakuwepo.

Wangila alitazama. Kwanza hakuelewa, kisha alielewa, na kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwake kilikuwa kicheko. Kilikuwa kifupi, cha mshangao, akakimeza haraka. Lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Yule mjinga fulani."

"Lany... sasa mbona hukuniambia? Ningekuingiza kwenye kundi. Ningekulinda! Hakuna ambaye angekugusa."

"Sikutaka kulindwa. Nilitaka uingie."

"Lakini kwa nini hukujenga ukuta?" Alishika kichwa, na kweli kulikuwa na uchungu usoni mwake, uchungu wa fundi anayeona kazi iliyokosewa. "Kitu cha kwanza wanachokuambia ni ukuta! Hata mtoto anajenga ukuta!"

Lanyero aliangalia zile kope, lile kovu dogo la risasi ya kulehemu kwenye kidole cha shahada, kovu alilolibusu siku lilipokuwa kidonda kibichi. Halafu akasema polepole, bila kupandisha sauti: "Moyo hauna mlango, ingia bila kubisha. Sina walinzi wa lango, wala mbwa wa kutisha. Nilijenga ulivyoniambia, Wangila."

Muziki wa jirani ulikatika ghafla, kijana mmoja akapiga kelele waanze upya.

"Lile ni shairi," alisema Wangila.

"Ndiyo."

"Shairi ni shairi, Lanyero. Mtu anatafuta vina, maneno yashikane. *Mlango*, *lango*, *ukingo*. Vimekaa vizuri, hata wewe uliona. Nikiyapata maneno yaliyokaa vizuri hivyo, si natumia tena? Fundi hatupi bisibisi kwa sababu amefungulia simu moja."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa simu ya kwanza."

"Usigeuze maneno yangu!"

"Wewe ndiye uliyeyageuza. Ulichukua mistari yangu, ukaivua nguo, ukaipeleka mbele ya watu nisiowajua wakacheka. Mimi niliisoma mbele ya baba yangu! Unajua alisemaje? 'Nyumba isiyo na mlango, basi mwenyewe ni mwizi ama amehama.' Nikalia. Nikamwambia Baba, hujui kupenda, umezoea malango. Nikakosana na baba yangu kwa ajili ya vina?"

Wangila alisimama. Rangi ilimpanda shingoni. Hakuwa mtu wa kusemwa mbele ya watu, na vijana wa muziki walikuwa wameanza kuchungulia.

"Sasa nisikilize na mimi. Shangazi Nelima anatoka Bungoma kesho. Wazee wameshajipanga. Mimi nimevumilia mwaka mzima nikiitwa Mkenya wa simu, nikisimamishwa langoni kama kibaka kila nikikusindikiza, sijasema neno. Leo unataka kuvunja hayo yote kwa sababu ya katuni?"

"Hizo katuni zimenionyesha ulivyo. Sikuwa nimewahi kukuona ukiwa na mtu dhaifu mbele yako, ukidhani hakuna anayekujua."

Hilo lilimpata. Mabega yalishuka, hasira ikamtoka machoni, na kwa kitambo alikuwa tena yule kijana wa suruali ndefu. Alinyoosha mkono, akagusa kifundo cha mkono wa Lanyero kwa kile kidole chenye kovu.

"Lany," alinong'ona. "Nimekosa. Sikujua ni wewe."

"Na kama ingekuwa si mimi?"

Wangila alimsogelea. "Nitakutungia jingine. Sasa hivi. Zuri kuliko lile, na hili halitaguswa na mtu. Ngoja..." Alifumba macho, na vidole vyake, juu ya ngozi ya mkono wa Lanyero, vikaanza kuhesabu mizani.

Lanyero alihisi vile vidole vikishuka kimoja kimoja. Mungu anajua alikuwa karibu kukaa. Kama angenyamaza tu. Kama angeuacha ule mkono wake utulie, bila hesabu, pengine Kampala nzima ingemwona Jumamosi akiwa na gauni la gomesi na kicheko.

Simu ya Wangila ililia kengele. Ilikuwa ile kengele ya siku ya kwanza, ya pongezi. Macho yake yakafunguka, yakaenda kwenye kioo cha simu, yakasoma, na pembe ya mdomo ikainuka kidogo sana kabla hajakumbuka alipo.

Lanyero alivuta mkono wake. Alichukua simu yake, na palepale ilipokuwa akaweka ile karatasi yenye shati.

"Chukua. Nililishona kwa vipimo vyako, halitamfaa mwingine. Jumamosi msije."

"Lanyero!"

"Mwambie Shangazi asisumbuke na safari. Nitaongea na Nanyama mwenyewe."

"Ukitoka hapa sikufuati!" Sauti ilimpasuka katikati. "Mimi si mtu wa kubembeleza! Unanisikia?"

Alimsikia. Alimsikia mpaka barabarani, na mpaka leo akipita Kamwokya, huwa anatembea upande wa pili. Na kweli, Wangila hakumfuata. Katika yote aliyowahi kumwambia, hilo alilitimiza.

*

Jua lilikuwa bado juu ya mabati alipofika kambini. Mlinzi wa langoni alimuuliza anatoka wapi. Kwa mara ya kwanza maishani hakuudhika. Alijibu, "Kazini, afande," akapita.

Sajenti Komakech alikuwa mbele ya chumba chao, fulana imeloa jasho, brashi mkononi. Alikuwa akipaka mlango rangi ya samawati, ndani na nje. Hawakuwahi kupaka mlango ule tangu wahamie chumba kile. Alikuwa akiimba kitu kwa sauti ya chini, na Lanyero aliposogea akasikia maneno: *wala mbwa wa kutisha*.

"Aa, umerudi?" Baba yake hakugeuka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisicho na mapambo. "Chunga nguo yako, mlango iko mbichi. Min Lanyero, mama yako, amekwenda kuazima viti kwa jirani. Nimeambia watu wa laini yote hii ya nyumba, mkwe yangu anatunga mashairi. Hata Inspekta anasema atapita kumusikia."

Lanyero alisimama.

"Baba. Hawaji."

Brashi ilisimama. Tone moja la rangi lilidondoka kwenye kiatu cha sajenti.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke ingine?"

"Hapana, Baba."

"Sasa amefanya nini?"

Alitafuta maneno. Angemwelezaje mtu aliyesimama kwenye malango ya kweli, mvua na jua, kuhusu mbuzi wawili wa kuchorwa?

"Amesema lilikuwa shairi tu."

Komakech alimtazama binti yake. Alikuwa amengoja mwaka mzima kuambiwa kwamba hakukosea, na sasa alipoambiwa, hakuonekana kufurahi. Aliutazama mlango, nusu yake samawati inayong'aa, nusu bado kijivu. Kisha akachovya brashi, akaendelea kupaka pale alipokomea, kwa sababu mlango hauwezi kuachwa nusu.

"Ingia ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna chai."

Lanyero aliingia. Alisimama gizani kidogo, akisikia brashi ikipanda na kushuka nje, na majirani wakiuliza, na baba yake asijibu. Halafu akaweka kiganja chote juu ya mbao yenye rangi mbichi, akausukuma mlango mpaka ukafungika.

"Rangi!" baba yake alifoka upande wa pili. "Nimesema iko mbichi! Alama ya mkono yako itabaki hapo!"

"Iache ikauke, Baba."